Uzoefu wangu: baiskeli ya safari yenye gia nyepesi, siku nzima milimani peke yangu

Hii baiskeli ninayo mwezi wa saba sasa ila sikutaka kuiongelea mpaka niipandishe milima na mizigo yake, maana kwenye tambarare baiskeli yoyote utaisifia. Wiki iliyopita nikapata nafasi nikatoka alfajiri peke yangu, kilomita 72, kupanda kwa jumla simu imehesabu kama mita 1,600, na kilo 13 za mizigo kwenye keria ya nyuma.

Naanza na gia kwa sababu ndo zilizonifanya niinunue. Mbele duara ndogo ina meno 26, nyuma ile kubwa kabisa ina 36, kwahiyo ukikanyaga pedali mzunguko mzima gurudumu lenyewe halimalizi mzunguko, unasogea mita moja na nusu na kidogo basi. Mtu akisikia hivyo anaona utalala njiani. Sasa sikia, mlima wa kwanza ulikuwa kilomita 14, wastani asilimia 6, yaani kila mita 100 unazoenda umepanda mita 6, na kuna vipande vilifika asilimia 11 kabisa, nimeupanda saa mbili na zaidi nikiwa nimekaa kwenye siti, sijashuka kusukuma hata mara moja! Kwenye gia hiyo ukizungusha miguu kama mara 65 kwa dakika unaenda kilomita 6 kwa saa, pumzi haikatiki. Baiskeli yangu ya zamani ilikuwa 34 mbele na 28 nyuma, kwa mwendo huo huo miguu inazunguka chini ya mara 40 na kila mkanyago ni wa nguvu, ndo maana nilikuwa nasimama juu ya pedali kila kona na magoti yananiuma siku tatu baadae. Safari hii kesho yake niliamka magoti hayana neno. Kwahiyo anayeuza akikwambia "ina gia 20" usiishie hapo, muulize meno mangapi mbele na mangapi nyuma, wingi wa gia peke yake haukupandishi mlima.

Na ukiwa peke yako gia nyepesi ina raha nyingine, hamna wa kumfukuzia wala wa kumsubiri, unakwenda kwa mapigo ya moyo wako mwenyewe. Nilikuwa nasikia cheni tu na upepo, kuna mahali nikasikia maji yanaporomoka bondeni dakika nyingi kabla sijayaona, na nilipoyaona nikasimama nikayaangalia tu. Nilipenda sana ile.

Breki sasa. Hizi ni za diski za kuvutwa na waya, sio za mafuta. Kushuka upande wa pili ilikuwa kilomita 11 kona tupu, na hapa niseme ukweli nilikuwa na hofu kwa sababu kwenye breki za zamani za kubana rimu, ukishikilia muda mrefu rimu inachemka na tairi linaweza kupasuka kwa joto. Diski zenyewe nazo zinachemka sana, usije ukazigusa ukisimama, ila ziko katikati ya gurudumu, joto linabaki mbali na tairi. Nilichofanya ni kutoshikilia mfululizo, nafunga zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, naachia nikiwa ndani ya kona, ziwe zinapata upepo. Mpaka chini zilikuwa zinashika vizuri tu, ila levi, vile vishikio vya breki vya mkononi, zilianza kuingia ndani zaidi nikazungusha kile kirekebishio cha pembeni kidogo ikakaa sawa. Ni kazi ya dakika mbili bila spana, huo ndo uzuri wa waya.

Beba koti la upepo hata kama chini kuna jua kali. Ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi kama 6, halafu unaanza kuteremka nguo zimelowa jasho, mimi vidole viliganda mpaka kushika breki ikawa shida, glavu nilikuwa nimezizika chini kabisa ya mfuko.

Kasoro. Kilomita ya 50 hivi nikasikia mlio wa kugonga nyuma, kushuka kuangalia skrubu moja ya keria imelegea inakaribia kudondoka. Walioniunganishia hawakuweka ile gundi ya kuzuia nati kulegea, na hili limeniudhi sana kwa sababu keria ikidondokea kwenye spoki unateremka mlima na kilo 13 ni hatari ya maisha, na bondeni mle hata mtandao wa simu haukuwepo. Ramani nilishaipakua kabla na nyumbani niliacha njia nitakayopita na saa ya kufika, ila bado. Siti nayo ni ngumu, baada ya kuendesha kwa masaa sita nilikuwa natafuta pa kukalia.

Mimi baiskeli hii naipa nyota 4. Siti nabadilisha, skrubu zote nimezifungua nikazitia gundi mwenyewe, gia sigusi kitu.