Nimepima dawa za mama kwa DNA, sampuli sita kutoka Tabora, huduma yenyewe iko hivi

Mama yangu anauza dawa za miti shamba hapa sokoni Tabora mwaka wa ishirini na kitu sasa, na mti ukiwa umesimama porini hakuna wa kumdanganya, mlundalunda anaujua kwa maua ya njano na yale matunda marefu yananing'inia kama fimbo, mteyu anaujua kwa maua ya zambarau. Ila siku hizi mti wenyewe huuoni. Mzigo unakuja kwenye kiroba toka Sikonge au Kaliua ushatwangwa, unga wa kahawia, hauna jani hauna ua, sasa unga na unga utatofautisha vipi jamani.

Mwezi wa tatu mzee mmoja wa Isevya akarudisha pakiti ya mlundalunda, akasema mama hii mbona inanukia dawa ya kuchua? Mama akanusa na kweli, ile harufu ya dawa ya misuli kabisa, na kwa mizizi ya huku harufu hiyo ni ya mteyu, ina kemikali ileile ya methili salisileti inayotiwa kwenye dawa za kuchua. Mizizi ya mteyu ukizidisha ni sumu, na huyu mzee alikuwa anatafuta dawa ya tumbo. Siku ile mama hakula usiku. Mimi ndo nikaanza kutafuta wapi wanapima, nikapata maabara moja Dar wanatambua mimea kwa vinasaba, simtaji mtu wala maabara hapa maana nataka kuongelea huduma tu, uzuri wake na walipotuangusha.

Kwa kifupi wanachofanya ni kutoa DNA, yaani hivyo vinasaba, kwenye unga, wananakili kipande kidogo mara nyingi kwa mashine ya PCR, wanasoma mpangilio wa herufi zake halafu wanalinganisha na mimea iliyoshahifadhiwa kwenye maktaba za vinasaba za mtandaoni kama GenBank. Wanaita barkodi, kama ile mistari kwenye sabuni dukani. Wazo lilitoka kwa Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, mwaka 2003, lakini yeye alianzia kwa wanyama na kipande chake kwa mimea hakifai kwa sababu kwa mimea kinabadilika polepole mno, ndo mpaka 2009 wataalamu wakakubaliana mimea itumie vipande viwili, rbcL na matK. Dada wa maabara alinieleza kwa simu karibu nusu saa bila kuchoka na hapo nampa alama zote. rbcL anasema inatoka kirahisi ila haitenganishi ndugu wa karibu, matK inatenganisha vizuri zaidi ila mara nyingi inagoma kutoka, kwahiyo wanaongeza kingine kinaitwa ITS2, kifupi, kinasaidia hata kwenye dawa zilizokauka sana ambazo DNA yake imeshakatikakatika.

Tulituma sita, zikatutoka laki nne na nusu, tulichanga mimi, mama na mama mdogo.

Ule unga wa mzee wa Isevya ndo ulikuwa na kazi. Mara ya kwanza herufi zilitoka zimepandana, hazisomeki, dada akasema hapa kuna mimea zaidi ya mmoja, njia ya kawaida inataka mmea mmoja kwa sampuli. Ikabidi warudie kwa njia nyingine ya kusoma vipande vyote vilivyomo kimoja kimoja, na hiyo ni hela ya ziada ambayo hatukuambiwa mwanzo. Majibu: Cassia abbreviata, yaani mlundalunda wenyewe, na Securidaca longepedunculata, ambao ndo mteyu, Wasukuma wanauita nengonengo. Pua ya mama ilikuwa sahihi! Nikauliza mteyu ni kiasi gani humo, wakasema hawawezi kunihakikishia, kipimo kinasema upo ila kiasi na ukali wake ni kipimo kingine cha kemia. Hili mlijue kabla hamjalipa, DNA inakwambia huyu ni nani, haikwambii ana nguvu kiasi gani wala unywe vijiko vingapi.

Tatu nyingine zilitoka safi mpaka jina la mwisho. Moja iliishia kwenye jina la ukoo tu, Combretum, hawa wa miombo wako wengi wanafanana mno na maktaba bado haina wote wa kwetu. Ya sita ilikuwa dawa ya kuchemsha ya kwenye chupa, hiyo haikutoa kitu, moto ulishaharibu DNA. Nimependa waliandika haijathibitika, hawakubahatisha jina ili tu tuone hela imefanya kazi.

Sasa mabaya. Waliahidi wiki tatu ikawa saba. Ripoti imekuja Kiingereza mwanzo mwisho na majina ya Kilatini, mama akaigeuzageuza akanirudishia, ikabidi nikae nae jioni nzima tukiandika pembeni kwa Kinyamwezi. Na hakuna aliyetuambia mapema kwamba ukituma jani lililokaushwa, tawi lenye ua na jina la pori lilipotoka, wanaweka hebaria, ile hazina ya mimea iliyokaushwa, na majibu yanakuwa na nguvu, sisi tulituma unga mtupu kwa basi. Jani mkilituma liwekeni na zile chembechembe za kunyonya unyevu zinazokuja kwenye viatu vipya, lisiote ukungu njiani.

Kuna watu sokoni wamesema tumetupa hela. Mi nawaambia Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya kupunguza mwili Brussels iliwapa wanawake dawa za Kichina, ilitakiwa mmea unaoitwa fang ji, ikaingia guang fang ji ambao ni Aristolochia, majina yamekaribiana tu hivyo, zaidi ya wanawake mia wakaharibika figo. Hawakuwa na mchawi wala adui, ilikuwa ni unga na jina.

Kwangu ni nyota nne kati ya tano, na ile ya tano wataipata siku wakileta ripoti ya Kiswahili. Mama sasa hapokei kiroba bila tawi lenye majani, wiki iliyopita muuzaji mmoja kakasirika akabeba mzigo wake akaondoka. Tumeshatuma tena, safari hii mkalya, mti mwingine wa dawa, na gunia lake liko nyuma ya mlango limefungwa, mama hajauza hata kijiko.