Vyeti: mfuko wa nailoni au picha kwenye simu?

Sisi wa bondeni Msimbazi, Dar es Salaam, mvua za masika zikianza tu roho juu, na mafuriko ya Desemba 2011 hatujayasahau, maji yaliingia mpaka kabatini.

Mama yangu ni mtu wa mfuko. Vyeti vya kuzaliwa vya RITA (ofisi ya serikali ya usajili), kadi za NIDA yaani vitambulisho vya taifa, hati ya kiwanja, kadi za kliniki za watoto, vyote ndani ya nailoni mbili zimefungwa fundo, halafu kwenye ndoo ya mfuniko juu ya kabati. Maji yakija unabeba ndoo unasepa. Shida moto, au siku haupo home na funguo unayo wewe.

Mi nilikuwa wa simu, nimepiga picha zote nikaziweka Google Drive, safi kabisa, ila simu ikazima chaji, umeme hakuna siku mbili, na paswedi yenyewe nimeisahau jamani. Halafu ofisini wanataka orijino, picha inakusaidia kupata namba ya cheti tu, ambayo si haba ukienda kuomba kingine.

Ukinilazimisha kuchagua moja, ndoo ya mama. Picha nimemtumia dada Dodoma.