Belmar ya Lakewood: mtaa wa maduka na hofu ya maegesho

Belmar ni mtaa wa maduka, ofisi na makazi katika mji wa Lakewood, magharibi mwa Denver, jimbo la Colorado nchini Marekani. Ninautathmini kwa jicho la mteja anayefika kwa gari, kwa kuwa kila panapopendekezwa kubadili matumizi ya kiwanja cha maduka yaliyodorora, pingamizi la kwanza huwa kwamba watu watakosa mahali pa kuegesha. Kwa niliyoyaona Belmar, pingamizi hilo halina uzito linaopewa.

Mahali hapo, kwenye makutano ya barabara za Wadsworth na Alameda, palikuwa na jengo la maduka lililoitwa Villa Italia, lililofunguliwa mwaka 1966 kwenye kiwanja cha ekari 104. Lakewood yenyewe ilipata hadhi ya mji miaka mitatu baadaye, mwaka 1969, hivyo maduka yalitangulia mji, na kwa wakazi wengi ndiyo yaliyokuwa kitovu chake. Majengo mengine ya maduka ya eneo la Denver yalipofunguliwa, Southwest Plaza mwaka 1983, kisha Park Meadows mwaka 1996, wanunuzi walihama, wapangaji wakawafuata, na mwaka 2001 Villa Italia ikafungwa. Miji ya Colorado huendeshwa kwa sehemu kubwa na kodi ya mauzo, kwa hiyo kufa kwa jengo la namna hiyo ni pigo la moja kwa moja kwenye hazina ya halmashauri. Lakewood, ikishirikiana na kampuni ya ujenzi ya Continuum Partners, haikurudisha jengo jingine lililozungukwa na lami. Ilibadili matumizi ya ardhi, ikakigawa kiwanja kuwa vitalu 22 vyenye barabara za kawaida, na sehemu ya kwanza ikafunguliwa mwaka 2004.

Villa Italia ilikuwa na takriban futi za mraba milioni 1.4 za sakafu. Hata kama sakafu hiyo yote ingetandazwa chini bila ghorofa, isingefika theluthi moja ya kiwanja. Sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki ilikuwa ya kulaza magari. Hilo halikuwa kosa la mmiliki mmoja: kanuni za miji mingi ya Marekani zilidai nafasi 4 au 5 za magari kwa kila futi za mraba 1,000 za duka, na nafasi moja, pamoja na njia ya kuifikia, hula futi za mraba 300 hivi. Piga hesabu, utaona kwamba maegesho yanakuwa makubwa kuliko duka lenyewe. Tena hesabu za aina hiyo zilipangwa kwa ajili ya siku za msongamano mkubwa kabla ya Krismasi, kwa hiyo siku nyingine za mwaka lami ilibaki tupu.

Belmar imelipatia tatizo hilo jibu ambalo ningependa kila diwani aende kuliona. Magari yamepandishwa kwenye majengo ya ghorofa ya kuegesha yaliyojengwa nyuma ya maduka, mengine yakiwa na paneli za umeme wa jua juu ya paa, na nafasi hizo hutumiwa kwa zamu: mchana na wafanyakazi wa ofisini, jioni na wanaokwenda kula au kutazama filamu, usiku na wakazi wa vyumba vya juu. Nafasi moja inafanya kazi ambayo kwa kanuni za zamani ingehitaji nafasi mbili au tatu. Unaegesha mara moja, kisha unakwenda kwa miguu kutoka duka la vyakula hadi mgahawani bila kurudi garini, jambo ambalo ni nadra sana katika vitongoji vya Denver. Msomaji aliyekulia Kariakoo au katikati ya Mombasa, ambako watu wanaishi juu ya maduka na barabara ina watu hata baada ya saa za kazi, hatauona mpangilio huu kuwa mgeni. Kwangu mimi hapo ndipo penye thamani kubwa ya Belmar kuliko aina za bidhaa, ambazo kwa kweli ni zile zile za kampuni zenye matawi nchi nzima.

Kasoro zipo. Maduka makubwa ya pembezoni, kama Target, yamebaki na viwanja vyao vya lami mbele ya mlango, kana kwamba mageuzi yaliishia katikati ya mtaa. Mnunuzi aisome risiti yake vizuri, kwa kuwa pamoja na kodi hutozwa ada ya maboresho ya mtaa. Ada ya namna hiyo ni njia ya kuwafanya wanaoutumia mtaa wachangie gharama zake, nami naiona kuwa ya haki, lakini mteja astahili kuelezwa mapema, kabla ya kufika kwa mhudumu wa malipo.

Upungufu mkubwa zaidi ni kwa asiye na gari. Reli ya abiria ya W, iliyofunguliwa mwaka 2013, hupita kama kilomita 3 kaskazini, na abiria hulazimika kuunganisha na basi namba 76 linalopita Wadsworth. Barabara hiyo pana, yenye magari ya kasi, ndiyo inayoutenga mtaa huu na ofisi za mji, maktaba na bustani ya Belmar vilivyo upande wa pili. Mwaka 2024 Colorado ilipitisha sheria inayozuia miji kulazimisha idadi ya chini ya maegesho kwa nyumba za ghorofa zilizo karibu na usafiri wa umma, na hatua hiyo inafungua njia kwa viwanja vingine vilivyodorora. Kwa Belmar yenyewe, fedha za kwanza zielekezwe kwenye kivuko salama cha Wadsworth na mabasi ya mara kwa mara hadi kituo cha reli, kabla ya kuongezwa hata ghorofa moja ya kuegesha magari.