Tableti yangu nzito: nilichojaribu, kilichosaidia na kilichonipotezea muda

Naanza na kibodi, maana hiyo ndiyo iliyonichosha kuliko vyote. Naandika "nipo njiani nakuja", sentensi nimeshaimaliza, kioo bado kinaonyesha "nip". Kinatulia hapo kama mtu anayetafakari, halafu herufi zilizobaki zinamwagika kwa mpigo, nyingine zimejirudia mara mbili. Ukiilaza tableti ubavu, picha inabaki imesimama vilevile. Ukikata tamaa ukairudisha wima, ndipo inageuka.

Ni tableti ya Android ya inchi 10, RAM (kumbukumbu ya muda ya programu zilizofunguliwa) GB 2, hifadhi ya ndani (panapokaa mafaili) GB 32, nami niko nayo mwaka wa tatu sasa. Kampuni siitaji, kwa sababu tableti za daraja hili zinafanana sana tabia na yaliyonikuta mimi yanaweza kumkuta yeyote mwenye ya kwake. Mwaka wa kwanza sikuwa na neno nayo. Nasoma PDF, naangalia video, watoto wanafanyia mazoezi ya hesabu. Wa pili ikaanza kukwamakwama. Wa tatu ndiyo hiyo habari ya "nip".

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuipakulia programu ya "kuongeza kasi". Mnazijua: duara kubwa lenye asilimia, unabonyeza, linazunguka, RAM iliyotumika inashuka kutoka 85 hadi 60, unapongezwa na kuonyeshwa tangazo. Baada ya dakika tano ni 85 tena, nami nabonyeza tena. Miezi miwili nimeishi hivyo! Nilichokuja kukielewa ni kwamba Android huziacha programu ndani ya RAM kwa makusudi, ili ukizirudia zifunguke haraka, na ikihitaji nafasi huziondoa yenyewe. Ukizifukuza kwa nguvu, kila ukizifungua inabidi zisomwe upya kutoka kwenye hifadhi, na kwangu mimi hifadhi ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Juu ya hayo, msafishaji huyo mwenyewe hakuwa analala: alikuwa macho muda wote, anapima, anatuma arifa, anavuta matangazo. Kikulacho, bwana.

Aliyenitoa hapo ni mpwa wangu, kijana asiye na maneno mengi. Aliishika, akaandika neno moja, akasubiri litokee, akacheka kidogo. "Mjomba, tuiwashe kwanza katika hali salama, tujue tatizo ni tableti au ni vitu ulivyoijaza." Akashikilia kitufe cha kuwasha mpaka menyu ikatokea, kisha akabonyeza neno la kuzima bila kuliachia, mpaka likaja swali la kuthibitisha. Kwenye tableti nyingi za Android njia ndiyo hiyo, ingawa baadhi zina mpangilio wake wa vitufe. Katika hali hiyo programu zote ulizopakua mwenyewe zinasimamishwa, zinabaki zile zilizokuja na mfumo tu. Hakuna programu inayofutwa, na ukiizima na kuiwasha kawaida zote zinarudi.

Kibodi ikanifuata kidole. Hapo nikakubali kwamba kifaa hakijafa.

Tukairudisha katika hali ya kawaida, tukaanza kuondoa programu moja baada ya nyingine, kila mara tunaandika sentensi ileile ya majaribio. Msafishaji alitangulia, na kuondoka kwake peke yake kulirudisha karibu nusu ya uhai. Ikafuata picha ya mandharinyuma inayochezacheza, na kijisanduku cha hali ya hewa kilichokuwa kinajisasisha bila kuombwa. Vingine tulivyoondoa sikuona tofauti yoyote, nikavirudisha.

Lakini kufungua PDF kubwa kulibaki taabu, na hapa ndipo palipo na kiini cha mambo. Nikaingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi: imebaki GB 1.1 kati ya 32. Ile arifa ya kwamba nafasi inakaribia kujaa nilikuwa naiona kila siku na kuitelezesha pembeni, nikidhani maana yake ni kwamba sitaweza kupakua filamu nyingine. Sikujua kwamba kujaa kwenyewe kunaleta uzito.

Mpwa alinieleza hivi. Chipu ya hifadhi ya tableti haiwezi kuandika juu ya kilichoandikwa, lazima kwanza ifute, na haifuti ukurasa (yaani kipande kidogo) mmoja mmoja bali fungu zima la kurasa. Fungu likiwa na vitu vinavyohitajika bado, inavihamisha kwanza kwingine, ndipo inafuta, ndipo inaandika. Nafasi ikiwepo, kazi hiyo huisikii. Ikibaki finyu, ni sawa na kudeki chumba kilichojaa masanduku mpaka mlangoni: kila ukitaka kupitisha dekio, toa sanduku hili, sogeza lile, rudisha. Na tableti nyingi za bei ya chini zinatumia aina ya hifadhi iitwayo eMMC, ambayo tangu mwanzo ni ya polepole kuliko UFS, aina iliyomo kwenye vifaa vya juu.

GB zangu zilikuwa zimekwenda wapi? Karibu sita zilikuwa video za makundi ya meseji, zinazojipakua zenyewe, nyingi nikiwa sijazifungua hata mara moja. Mbili na ushee ni masomo niliyopakua ya kuangalia bila intaneti, yameshaangaliwa. Kulikuwa na PDF moja nimeipakua mara nne kwa sababu kila nikiitafuta siioni. Nilizima kupakua kwenyewe, nikafuta, nikahamishia picha kwenye kompyuta, ikafika GB 9 tupu. Siku hiyohiyo ile PDF iliyokuwa inachukua nusu dakika ikafunguka kabla sijashusha mkono.

Kuna tabia yangu nyingine iliyokuwa inaiumiza, nayo nilidhani ni wema: kila usiku nilikuwa naizima ili ipumzike. Kumbe tangu Android 4.3 ya mwaka 2013, mfumo una kazi ya kuijulisha chipu ni sehemu zipi zimeachwa wazi, ili izifute mapema. Kazi hiyo hufanyika kifaa kikiwa kimewashwa, kioo kimezimwa, hakiguswi, na mara nyingi kikiwa kwenye chaji. Mimi saa hizo nimeshakizima. Siku hizi naiacha imewashwa, naizima na kuiwasha mara moja kwa wiki tu.

Mengine kwa ufupi. Kufuta akiba ya programu (cache, vitu inavyojiwekea ili ifunguke haraka) kunasaidia kwa siku chache, kisha inajijenga tena. Ila angalieni msibonyeze kufuta data, hapo programu inasahau hata wewe ni nani. Kufupisha uhuishaji (ile michezo ya madirisha yakifunguka na kufungwa) hadi 0.5 kwenye chaguo za wasanidi (developer options), zinazojitokeza ukigusa nambari ya muundo (build number) mara saba kwenye mipangilio, hakuongezi nguvu yoyote ila kunapunguza kusubiri, na kwa jicho langu inatosha. Joto nalo lipo: nikiangalia video huku inachaji, ndani ya kava nene, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Nimeitoa kava.

Kadi ya kumbukumbu niliinunua, na sehemu ya fedha hiyo najuta. Nilihamishia programu humo, zikawa nzito kuliko mwanzo. Alama ya Class 10 inaahidi MB 10 kwa sekunde za kuandika kwa mfululizo, yaani inafaa video. Programu zinasoma vipande vidogo vidogo hapa na pale, na kwa hilo unatafuta alama ya A1 au A2. Yangu haina. Sasa imebeba filamu tu, na kwa filamu sina malalamiko.

Kuirudisha ilivyotoka kiwandani sikulazimika. Atakayefika huko ahakikishe kwanza anaikumbuka nywila ya akaunti yake ya Google, maana tangu Android 5.1 kifaa kilichofutwa kwa njia ya vitufe, si kupitia mipangilio, kinaidai kabla hakijakufungulia.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne ilipotelea kwenye RAM: nikifungua kurasa tano za intaneti, ya kwanza inajipakia upya nikiirudia, na hilo hakuna usafi utakaoliponya. Ningekuwa nanunua leo, GB 4 za RAM na 64 za hifadhi ndiyo mwanzo wangu wa kuongea na muuzaji. Ya tano niliiondoa siku nyingi, wakati wa "nip", na sijapata moyo wa kuirudisha.

Jana mpwa alipita, akaikagua, akaridhika. Halafu akaniuliza kama anaweza kuwawekea watoto mchezo mmoja wa magari.

"Una ukubwa gani?"

"GB mbili tu, mjomba."

Nikaichukua tableti yangu.