Onward: nilidhani ni muvi ya watoto, kumbe ni ya brathangu

Wacha nikubali mapema kwamba hii muvi nimeichelewa sana. Onward ilitoka Machi 2020, mwezi ule ule Korona iliingia Kenya, na si mnakumbuka vile tulikuwa, nani alikuwa na akili ya sinema. Nikaisahau kabisa mpaka juzi nikiwa kwa kijana wa muvi hapa mtaani, akaniuliza watoto wanapenda gani nikamwambia yoyote bora mama asikufe, akacheka sana, akaniwekea hii kwa flash. Kufika nyumbani kumbe baba ndio amekufa. Haya.

Ndio shida yangu na hizi muvi za uchawi na majoka, wazazi hawapewi nafasi ya kupumua. Lion King ya 1994 mzee anatupwa chini na ndugu yake wa damu, Frozen meli inazama na baba na mama wote ndani, Harry Potter ukikutana naye ashakuwa yatima, na ile ya Wajapani, Spirited Away, wazazi wanakula chakula cha wenyewe mpaka wanageuka nguruwe. Msichana wangu ana miaka nane na siku hizi akiona mama anamwimbia mtoto kwa zile dakika za kwanza anasema tu, "Huyo hafiki mbali." Lakini ukifikiria unaelewa kwa nini wanafanya hivyo, mzazi akiwepo hakuna safari. Mwambie mathe yeyote wa hii Nairobi unatoka kutafuta jiwe la kichawi uone kama hautaulizwa vyombo umeosha. Na tusiwasingizie wazungu peke yao, hata zile hadithi nyanya alikuwa anatupigia jikoni mama alikuwa ashakufa kitambo na mama wa kambo ashaingia na kisirani yake.

Sasa hii. Kuna vijana wawili wa masikio ya kuchongoka, Ian anafikisha miaka 16 na Barley ndio kifungua mimba, wanaishi kwa ulimwengu ambao uchawi ulikuwepo lakini watu wakaachana nao juu stima na magari ni rahisi zaidi. Baba yao aliugua akafa Ian hajazaliwa. Aliacha fimbo na jiwe na maneno ya kumrudisha kwa siku moja tu, wanajaribu, inaharibika katikati, baba anarudi miguu peke yake. Suruali, viatu, soksi za zambarau, basi. Kutoka kiuno kwenda juu hakuna mtu. Watoto wangu walianguka chini kwa kicheko na mimi pia, mpaka Barley alipoigonga kiatu ya mzee ile mdundo walikuwa wanachezanga akiwa mdogo na miguu ikajibu. Hapo nikanyamaza.

Wana mpaka jua lizame kesho yake kupata jiwe lingine, kwa hivyo wanaingia kwa gari ya Barley, vani mzee imechorwa farasi mwenye mabawa na inawaka ikitaka. Hapa katikati panavuta miguu kidogo sitadanganya, kuna viumbe vidogo vya mapikipiki hapo ningevikata bila huruma. Lakini Manticore ni mtamu, zamani alikuwa mnyama wa kutisha, mabawa na mkia wa nge, siku hizi anaendesha hoteli ya familia na kulipa bili kumemmaliza. Tunao wengi hapa tao.

Tuliiangalia Jumapili, brathangu alikuwa amekuja na watoto wake, nilikuwa nimepika chapati na ndengu. Lazima niwaeleze kuhusu huyu mtu ndio muelewe alama nitakazopeana. Buda wetu alikufa nikiwa na miaka minne. Brathangu alikuwa kumi na moja. Mathe alikuwa anauza mitumba Gikomba, anatoka saa kumi usiku anarudi giza, kwa hivyo mwenye kunisuka nywele vibaya, kunipeleka shule na kunichapia mtu alikuwa huyo. Alifika Form Two akaacha, akaingia makanga kwa mathree za namba 23, za Kangemi, na mimi nikamaliza. Hatujawahi kukaa chini tukaiongelea hiyo maneno. Ya buda ndio kabisa. Mimi nina picha moja ya studio na imefifia upande.

Sasa kuna pahali Barley anamwambia Ian yeye ana kumbukumbu nne za baba yao. Tatu ni za kuchekesha chekesha. Ya nne hakuwa anamwambianga mtu: baba alikuwa amelazwa, mipira imemjaa, Barley aliogopa akakosa kuingia kumuaga.

Na hapo hapo tokeni za stima zikaisha.

Giza totoro, watoto wanapiga nduru, mimi natafuta simu ninunue, nangojea meseji, unajua ile kungoja. Brathangu alikuwa kwa ile kiti ya karibu na dirisha. Akasema, si kwa sauti kubwa, "Hata mimi sikuingia."

Nikamuuliza wapi.

"Wodi. Mathe aliniambia niingie nikasema nachunga begi."

Meseji ikaingia, nikaenda kubonyeza zile namba ishirini na mikono inatetemeka nikakosea mara mbili, stima ikarudi, watoto wakashangilia na muvi ikaendelea kama hakuna kitu. Sikumuuliza kingine na yeye hakuongeza.

Kwa hivyo mwisho wake sikuuangalia vizuri, nimerudia Jumatatu peke yangu. Hamjaiona rukeni hii paragrafu. Ian ametembea na karatasi ya vitu alikuwa anataka kufanya na babake: kurushiana mpira, kufunzwa gari, kucheka pamoja, kuongea mambo ya moyoni. Anaanza kuzifuta kwa hasira juu muda umeisha, halafu anagundua zote ameshafanya na Barley. Jiwe likipatikana joka linatokea, mmoja lazima apigane, na ni Ian anabaki nalo ndio Barley aende akamuage mzee. Ian anachungulia kwa mwanya wa mawe, anawaona kwa mbali, hasikii hata neno moja, na sisi pia hatusikizishwi. Waandishi wengine hapo wangetuwekea hotuba ya dakika tano na vinanda.

Baadaye nikasoma kwamba Dan Scanlon, mwenye kuielekeza, alifiwa na babake akiwa na mwaka mmoja na kakake alikuwa na mitatu, na walikuja kupewa kaseti yenye sauti ya mzee akisema maneno mawili peke yake, hello na goodbye. Ndio maana kwa muvi Ian ana kaseti anaongea nayo kama simu. Hiyo kitu huwezi itoa kwa kichwa tu.

Malalamiko yangu ni mama, Laurel. Anaokoa watu, anashika upanga, lakini kila mara kamera inamwacha inakimbilia vijana. Huyo amelea wawili peke yake na bado muvi inamfanya mtu wa pembeni. Mpenzi wa huyo mama nimempenda, ni polisi, nusu mtu nusu farasi, jokes zake hazichekeshi na hiyo ndio makosa yake pekee.

Nane kwa kumi. Ningependa sana DJ Afro aitafsiri ingawa najua yeye ni wa zile za ngumi. Watoto chini ya miaka sita joka linaweza kuwatisha, na hakikisheni mmenunua tokeni mapema.

Brathangu akienda alitoa flash yake kwa mfuko akasema nimwekee. Nikamuuliza ni ya watoto?

Akasema hiyo vani inafanana na ile mathree ya kwanza alifanyia kazi.