Nywele za kipilipili Muscat na Dubai: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Wengi wetu tukihamia Ghuba tunafungasha kana kwamba tunakwenda jangwani tu: mafuta ya nazi, mafuta ya nyonyo, kopo zima la shea. Jangwa lipo, lakini Muscat, Dubai na Doha ni miji ya ufukweni, na kuanzia Juni hadi Septemba hewa yake hujaa mvuke kiasi ambacho hata aliyezaliwa Tanga au Mombasa hukishangaa. Dhahran, mji wa Saudi Arabia ulio karibu na pwani ya Ghuba, ulipimwa kiwango cha umande (joto ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka maji) cha nyuzi 35 za Selsiasi tarehe 8 Julai 2003. Mtu akitoka nje hapo, miwani inaingia ukungu papo hapo. Kisha unaingia ofisini au dukani, kiyoyozi kinavuma mchana kutwa, hewa kavu.

Nywele zinaumia katikati ya hali hizo mbili. Unywele hunywa mvuke, na ukishiba kabisa uzito wake unaweza kuongezeka kwa karibu theluthi moja. Vifungo vya ndani vinavyoshika umbo lake vinaachia, mikunjo uliyoipanga asubuhi inafumuka, na kufikia adhuhuri kichwa kimevimba. Sasa, mafuta mengi juu ya nywele za namna hiyo yanakupa uzito, jasho na mba, mikunjo hairudi. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa swali moja: mshahara umetoka, una pesa ya kitu kimoja tu cha nywele, kiwe kipi?

1. Jeli inayoshika kweli

Kiwe jeli. Jeli nzuri huacha utando mwembamba juu ya unywele, na utando huo ndio unaopunguza kasi ya mvuke kuingia. Soma nyuma ya chupa: ukiona PVP au neno linaloanzia na polyquaternium, ambavyo ndivyo hujenga utando huo, hiyo inashika kweli. Zilizojaa maji na manukato tu zitakuangusha kabla hujafika kituo cha basi. Eco Style ya mafuta ya zeituni wengi wanaijua tangu nyumbani, na mtungi wake mkubwa unadumu, ila usiamini jina la chupa peke yake, maana makampuni hubadilisha mchanganyiko.

Namna ya kupaka ni nusu ya kazi. Gawa nywele mafungu manne au sita zikiwa bado zinachuruzika maji, paka fungu moja moja kutoka shinani mpaka nchani, ukiminya mpaka usikie mlio wa utelezi kwenye kiganja. Kisha usiziguse. Zitakauka zikiwa ngumu na kuonekana kama zimegandishwa, na hapo wengi hukata tamaa na kuosha. Subiri zikauke kabisa, weka matone mawili ya mafuta kwenye viganja, minya taratibu. Ugumu unavunjika na mikunjo inabaki.

Kabla ya kupaka kichwani, changanya jeli kidogo na kondishena yako kiganjani. Ikikatika vipande vyeupe kama maziwa yaliyoganda, vipande hivyo utavibeba kichwani siku nzima na watu watadhani ni mba.

2. Shampuu ya kusafisha kwa kina

Jeli, jasho, vumbi na chumvi za maji hurundikana. Maji ya bomba ya miji hii kwa sehemu kubwa ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi, kisha yakaongezwa madini ili yafae kunywa na kupita kwenye mabomba. Tafuta chupa iliyoandikwa clarifying, na kwenye viambato vyake uwepo EDTA, ambayo hunasa kalsiamu iliyoshika kwenye unywele. Mara moja kila wiki mbili hadi nne inatosha. Mara nyingine tumia shampuu laini. Chupa moja ndogo inakwenda miezi.

Jambo ambalo dukani hawatakwambia: wakati wa joto kali bomba la baridi linatoa maji ya moto, kwa sababu tangi liko juu ya paa linaungua jua. Usioshe kichwa na maji hayo. Jaza ndoo usiku, iache ndani kwenye kiyoyozi, asubuhi yanafaa.

Wenyeji wa Oman wana unga wa majani ya mkunazi, wenyewe huuita sidr, na soko la Muttrah, Muscat, unaupata kwa urahisi. Una saponini, unatoa povu dogo na unasafisha kwa upole. Naupenda kwa ngozi ya kichwa. Ila kwa kipilipili kilichobana, chembe za majani zinanasa na kusuuza kunachosha, kwa hiyo loweka unga, chuja kwa kitambaa, utumie maji yake tu.

3. Satini

Bei ndogo, faida kila siku. Kofia ya kulalia, au foronya ya satini kama kofia inakutoka usiku. Kwa anayevaa hijabu hii ningeipandisha hata nafasi ya kwanza: mtandio wa pamba unasugua ncha kutwa na kunyonya unyevu wake, kwa hiyo vaa kofia nyembamba ya satini chini yake. Na tafadhali usifunge nywele mbichi. Joto na majimaji chini ya mtandio ndivyo fangasi wa mba wanavyovipenda. Ukiwa na siku moja tu ya mapumziko kwa wiki, osha usiku wa kuamkia siku hiyo, zikauke ukiwa ndani.

4. Kondishena isiyosuuzwa

Inunue nyepesi, ya maji, si krimu nzito. Angalia glycerin iko wapi kwenye orodha ya viambato. Ikiwa miongoni mwa vitatu vya mwanzo, hiyo iache kwa miezi ya Desemba na Januari, kwani glycerin huvuta maji: nje itavuta mvuke mwingi nywele zivimbe.

5. Mafuta

Hapa najua nitapingwa na mama na shangazi. Mafuta ya nazi yana sifa ya kweli: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ya nazi pekee ndiyo yaliyopunguza protini inayopotea kwenye unywele. Lakini kwa hali ya hewa ya huku, yapake kabla ya kuosha. Na huhitaji kuyabeba toka nyumbani, maduka ya Wahindi ya Ruwi (Muscat) na Deira (Dubai) yamejaa. Nyonyo na shea viweke kwa ajili ya kusuka tu.

6. Filta ya bafu

Inapunguza klorini. Kalsiamu haiondoi. Kama shampuu yako ina EDTA, pesa hiyo ielekeze kwa msusi. Ukipangiwa kazi Salalah, kusini mwa Oman, wakati wa khareef, yaani msimu wa manyunyu, yakidondoka kutwa, twende kilioni iliyosukwa vizuri itakufaa kuliko chupa yoyote niliyoitaja.

Cha kuacha: keratini ya saluni

Saluni zitakwambia keratini, dawa ya kunyoosha nywele kwa pasi, inamaliza tatizo la unyevu, na kwa miezi michache nywele hulala kweli. Nyingi ya dawa hizo hutoa gesi ya fomaldehaidi zinapopigwa pasi, na shirika la utafiti wa saratani la WHO liliitaja gesi hiyo mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2022, utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 ulionyesha kwamba waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya maradufu ya wasiotumia. Ukiambiwa haina fomaldehaidi, omba boksi, usome: methylene glycol ni fomaldehaidi iliyokwisha changanywa na maji. Na kama umeketi tu unamsubiri rafiki, macho yakaanza kuwasha na koo kukereketa, toka nje, na kama umekuja na mtoto mtoke naye.