Vikopo vya kunyonya unyevu: kabatini vinafaa, ukutani haviwezi

Mvua za masika zikipisha baridi ya Juni na Julai, nguo nyingi Arusha huanza kunuka kabatini, na hapo ndipo vikopo hivi hununuliwa. Juu kina chembe nyeupe za kalsiamu kloraidi, chini nafasi ya kukusanya maji. Chembe hunyonya mvuke mpaka zinayeyuka zenyewe.

Ndani ya kabati lililofungwa kinafanya kazi vizuri. Kikiwekwa sebuleni madirisha wazi, kinajaribu kukausha hewa ya Arusha nzima.

Kosa ni kukitegemea kimalize weusi wa ukutani. Ukungu uliokwishaota hakiuui, wala hakiondoi mbegu zake hewani. Mbegu hizo humpigisha chafya mwenye mzio na kumbana kifua mwenye pumu; mwenye kinga dhaifu zinaweza kumletea maambukizi ya mapafu, kwa hiyo asiwepo kabisa wakati wa kusafisha.

Soma ukuta kwanza. Weusi unaopanda kutoka sakafuni ni maji ya ardhini, na hakuna rangi itakayouficha kwa muda mrefu. Ukiwa juu kwenye kona, kagua bati na gata. Ukiwa nyuma ya kabati tu, hewa haipiti: livute sentimita 10 kutoka ukutani.

Kwenye vigae au rangi ya mafuta, vaa barakoa na glavu, fungua madirisha, sugua kwa maji ya sabuni, kisha kausha. Kufuta ni lazima, maana hata ukungu uliokufa huamsha mzio. Ukitumia Jik, fuata vipimo vya kwenye chupa na usiichanganye na siki, amonia wala dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi inayoumiza mapafu. Dari ya jipsamu iliyolowa ikaota ukungu ikatwe, iwekwe mpya.

Tukirudi kwenye kikopo: kasoro yake kubwa ni yale maji. Yakimwagika huharibu viatu vya ngozi, hutia vyuma kutu na kuwasha ngozi. Kiweke chini kabatini, kimesimama wima, watoto wasikifikie. Kabla ya kununua cha pili, nunua kipima unyevu. Kikionyesha chini ya asilimia 60 siku zote, tatizo si hewa: hela ya kikopo mpe fundi wa gata.